Ekworini: Mwanga wa Buluu wa Yavuyavu

Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, sifa zote zilikwenda kwa protini ya kijani ya yavuyavu aitwaye Aequorea victoria. Hapo naona ndugu yake amedhulumiwa. Shimomura alipofika Friday Harbor, Marekani, mwaka 1961, alikuwa akitafuta kile kinachouwasha mwanga wenyewe wa mnyama huyo. Alichopata ni protini iitwayo ekworini, nayo huwaka buluu. Ile ya kijani ilijitokeza tu pembeni wakati wa kuisafisha.

Siri ilifichuka kwenye sinki. Alikuwa ameuzima kwa asidi mwanga wa maji yaliyokamuliwa kutoka kwa yavuyavu, kisha akaurudisha hafifu kwa kupunguza ukali wa asidi hiyo. Alipoyamwaga maji yale, sinki lote liliwaka ghafla. Maji ya bahari kutoka kwenye matangi yalikuwa yakimiminika humo, na maji ya bahari yana kalsiamu.

Kila molekuli ya ekworini ni mtego wa panya uliokwisha tegwa. Imebana ndani yake molekuli ndogo iitwayo selenterazini ambayo tayari imeshikana na oksijeni. Ayoni za kalsiamu zikiigusa, protini hubadili umbo, selenterazini huvunjika, na mwanga wa takriban nanomita 470 huchomoka. Hufyatuka mara moja tu. Kuitega tena kunahitaji selenterazini mpya.

Sasa iweke ndani ya seli. Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake chini mno, zaidi ya mara 10,000 pungufu ya ile iliyo nje. Kwa mfano, kemikali ya histamini ikikaa kwenye kipokezi chake cha H1, ujumbe huingia ndani, maghala ya kalsiamu hufunguka, na ekworini humulika sekunde ileile. Kalsiamu ikiongezeka mara 2, mwanga unaweza kupanda zaidi ya mara 5. Zaidi ya hayo, seli haimulikwi na taa yoyote kutoka nje. Rangi za kung'aa zinazopendwa maabarani hudai taa, na dawa inayopimwa ikiwa nayo inang'aa, hesabu huvurugika.

Lakini mwanzoni ekworini yote ilitoka kwa wanyama wenyewe. Kiangazi cha 1961 pekee kilikula yavuyavu wapatao 10,000, na miaka iliyofuata mamia ya maelfu wakakatwa kingo zao. Leo ni adimu katika maji yale yale walikokuwa wakijazana. Tangu jeni ya ekworini iliponakiliwa mwaka 1985, bakteria wanaweza kuitengeneza protini hii, na sioni sababu yoyote ya kumkata tena mnyama. Inaniudhi kuona maabara zikiagiza kichupa cha ekworini bila kuijali bahari ilikotoka.

Matumizi mengine ni mengi: kuchunguza vipokezi vya angiotensini na asetilikolini, vipokezi ambavyo homoni zake bado zinatafutwa, kuchuja dawa mpya kwenye sahani za vishimo 384, kupima kalsiamu ndani ya mitokondria, hata miche ya tumbaku iliyopewa ekworini, ikawaka ilipoguswa au kupigwa na baridi mwaka 1991.