Printa ya waifai na Chromebook: printi taarifa yako ya miamala mwenyewe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wengi wenu mnaofanya biashara kisiwani Mombasa, daftari siku hizi liko kwenye simu. Mnunuzi wa leso Biashara Street analipa kwa simu, wa viungo pale Marikiti vilevile, na jioni hesabu yote imo kwenye taarifa ya miamala. Lakini benki au sacco ikiitaka taarifa hiyo, mara nyingi huitaka kwenye karatasi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia saiba. Faili inatumwa kwa WhatsApp ya mhudumu, inafunguliwa kwenye kompyuta isiyo yako, na ukishaondoka nakala inabaki nyuma. Ndani yake mna majina ya watu waliokulipa, tarehe, kiasi na salio lako. Mhudumu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, ila kompyuta ile inatumiwa na kila anayeingia.

Kama una laptopu nyepesi aina ya Chromebook na printa ya waifai, kazi hii unaimaliza dukani kwako. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Kabla ya kuanza

Chromebook haitumii ile CD inayokuja na printa, kwa hivyo iweke kando. Pia usihangaike na maelezo ya zamani yanayotaja Google Cloud Print. Huduma hiyo ilifungwa mwisho wa 2020. Sasa laptopu huongea na printa moja kwa moja kupitia ruta yako. Mara ya kwanza uwe na intaneti, maana laptopu inaweza kuhitaji kupakua maelezo ya printa. Baada ya hapo, hata bando ikiisha, faili iliyohifadhiwa kwenye laptopu utaiprinti tu.

Hatua kwa hatua

1. Washa printa, kisha iunganishe na waifai yako kupitia kioo chake kidogo, au kwa programu ya simu ya kampuni iliyoitengeneza. Printa nyingi za bei nafuu hushika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Kama ruta yako ina majina mawili ya waifai, chagua la 2.4.

2. Unganisha Chromebook na waifai hiyo hiyo.

3. Bonyeza saa iliyo pembeni chini ya kioo, kisha alama ya gurudumu lenye meno ili kufungua Mipangilio. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "printer".

4. Printa ikionekana kwenye orodha, ihifadhi. Isipoonekana, chagua kuongeza printa kwa mkono. Jina weka lolote. Anwani ni namba ya IP ya printa, kwa mfano 192.168.1.50, utaipata kwenye kioo cha printa au kwenye karatasi ya ripoti ya mtandao ambayo printa inaweza kujichapia. Itifaki chagua IPP, na foleni andika ipp/print. Ukiulizwa kampuni na modeli, chagua zilizoandikwa kwenye printa yenyewe.

5. Fungua faili, bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, chagua printa yako, na ujaribu ukurasa mmoja kwanza.

Ikikataa

*Ukuta mnene.* Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Ruta ikiwa ghorofani na printa iko dukani chini, mawimbi hufika yamechoka. Leta ruta na printa chumba kimoja kwanza, umalize kuunganisha, ndipo uanze kusogeza moja baada ya nyingine.

*Stima ilipotea.* Jana ilifanya kazi, leo laptopu inasema printa haipo. Mara nyingi ruta ilipowaka tena iliipa printa namba nyingine ya IP. Angalia namba mpya na uibadilishe kwenye laptopu. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea printa namba isiyobadilika; fundi wa mtandao anaweza kukufanyia.

*Waifai ya wageni.* Ruta nyingi huzuia vifaa vilivyo kwenye waifai ya wageni visionane. Laptopu ikiwa huko na printa iko kwingine, hazitapatana.

Linda karatasi kama unavyolinda PIN

Printa iliyo kwenye waifai ni kompyuta ndogo. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuituma kazi, na saa zingine kufungua ukurasa wake wa mipangilio. Kwa hivyo, wateja wanaoomba waifai wape ile ya wageni, na printa ibaki kwenye yako. Halafu ingia kwenye ukurasa wa printa kwa kuandika namba yake ya IP kwenye kivinjari, ubadilishe nenosiri lililotoka nalo kiwandani.

Taarifa yetu huja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa, na msimbo wa kuifungua huja kwa SMS. Usiuhifadhi msimbo pamoja na faili. Ukishaprinti, futa nakala iliyobaki kwenye folda ya vipakuliwa, na karatasi iliyoharibika uichane kabla ya kuitupa. Usiifanye ya kufungia kachiri wala njugu. Majina yaliyomo ni ya wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inawalinda wao pia.

Mwisho, hakuna mhudumu wetu atakayekupigia simu akitaka PIN yako, wala msimbo wa PDF, eti akusaidie kuprinti. Ukipigiwa hivyo, kata simu, kisha utupigie sisi kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja.