Zana za Kompyuta kati ya Tasnifu na Darasa: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Isimu ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili katika idara ya Kiswahili aghalabu hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja anakamilisha tasnifu; kwa upande wa pili anasaidia kuendesha semina za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Juu ya hayo hutakiwa ajifunze kutumia projekta, programu za kuchambulia lugha, na mifumo ya kuendeshea masomo kama vile Moodle, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Mafunzo hayo mara nyingi hutolewa katika warsha fupi zinazoeleza kitufe gani kibonyezwe, pasipo kugusa somo lenyewe. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi huyaona kuwa yanampunguzia muda wa kuandika.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mizigo hiyo inaweza kubebwa kwa pamoja. Hoja yetu ni kwamba zana ya kufundishia isimu hujifunzwa vema kupitia data ya tasnifu, na kwamba kabla ya kupelekwa darasani ni sharti ihojiwe: inakiona nini katika lugha, na haikioni nini? Tutatumia mifano miwili, mmoja wa mofolojia na mwingine wa fonolojia.

2.0 Neno na Mfuatano wa Herufi

Chukulia mwanafunzi anayechunguza kitenzi -soma katika kongoo, yaani mkusanyo mkubwa wa matini uliohifadhiwa katika kompyuta. Akiiagiza programu ya kawaida ya utafutaji imletee kila mahali penye herufi s-o-m-a, atapata anasoma, wamesoma na kusoma. Atapata pia Msomali na Somalia, ambayo hayahusiani na kitenzi hicho. Papo hapo atakosa hasomi, wasome, someni, someka na somesha. Akipunguza agizo liwe s-o-m, maumbo hayo yatapatikana, lakini yatafuatana na somba na usombaji.

Kasoro hiyo haitokani na uzembe wa mtafutaji. Programu ya namna hiyo haina dhana ya mzizi wala kiambishi. Inachokijua ni mfuatano wa herufi tu. Katika lugha yenye viambishi vichache upungufu huo haudhihiriki sana. Katika Kiswahili, ambacho kitenzi chake hubeba nafsi, njeo, yambwa na minyambuliko, upungufu huo unaweza kupotosha idadi zote zitakazoingizwa katika majedwali ya tasnifu.

Ni kwa sababu hii Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, alichokieleza mwaka 1992 katika jarida la Nordic Journal of African Studies. Kichanganuzi hicho kilijengwa juu ya nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Matini za Kongoo la Kiswahili la Helsinki zimechanganuliwa kwa misingi ya kazi hiyo, hivyo mtafiti anaweza kutafuta kwa shina badala ya kutafuta kwa herufi. Hata hivyo, uainishaji wa maneno uliomo humo ni uamuzi wa wanaisimu, nao unaweza kujadiliwa kama uamuzi mwingine wowote wa kinadharia.

3.0 Sauti Inayoonekana

Mfano wa pili unahusu Praat, programu ya kuchambulia sauti iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo hupatikana bila malipo. Neno barabara likitamkwa kwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho humaanisha njia kuu. Mkazo ukiwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho humaanisha sawasawa. Vivyo hivyo, wasemaji wa lahaja kama Kimvita hutofautisha paa wa porini, kwa mpumuo, na paa la nyumba, bila mpumuo. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hizi, lakini katika mchoro wa sauti mpumuo unaweza kupimwa kwa sekunde.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mchoro hauonyeshi mkazo. Unaonyesha muda, kidatu na nguvu ya sauti. Kusema kwamba mkusanyiko wa sifa hizo ni mkazo ni tafsiri ya mwanaisimu. Kama vile programu ya utafutaji inavyoona herufi pasipo kuona neno, ndivyo Praat inavyoona mitetemo pasipo kuona fonimu.

4.0 Kutoka Tasnifu hadi Darasani

Mwanafunzi aliyekwisha kupambana na matatizo haya katika data yake ana somo tayari. Hahitaji kubuni mifano mipya: anaweza kuchapa mistari ishirini aliyoipata kwa agizo la s-o-m-a, akawagawia wanasemina, na kuwataka watenge maumbo yanayohusika, waeleze kanuni waliyoitumia, kisha wataje maumbo ambayo programu imeyaacha. Zoezi hilo hufundisha mzizi na kiambishi kwa vitendo, na linaendelea hata umeme ukikatika au darasa likiwa na kompyuta moja tu.

Huenda ikadaiwa kwamba mwenye tasnifu ya kukabidhi hana nafasi ya mambo haya. Dai hilo lina uzito iwapo mafunzo ya zana yametengwa na utafiti. Pale yanapounganishwa, saa zilizotumika kusahihisha agizo la utafutaji huwa sehemu ya sura ya mbinu za utafiti, na vilevile maandalizi ya semina. Msimamizi naye ana wajibu hapa: amuulize mwanafunzi idadi fulani ilipatikana kwa agizo gani, kabla ya kuuliza inathibitisha nini.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kompyuta hutoa herufi na mitetemo, ilhali neno, mzizi na mkazo hutolewa na nadharia. Mwanafunzi asiyelitambua hilo atawafundisha wenzake kuamini orodha iliyo pungufu, nao watadhani kwamba hicho ndicho Kiswahili. Anayelitambua ataweza kubadilisha programu kila zinapobadilika, kwa kuwa swali la kuzihoji atakuwa nalo.