Itibu amplifaya kuukuu kabla ya kuipamba

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Miongoni mwa wapiga magitaa, hata hivyo, mambo ni kinyume. Kwao, kikuukuu ndicho kisakwacho kwa udi na uvumba, na mwanafunzi aliyekwisha kuonja mlio wa amplifaya ya vali hataki tena kusikia habari za ile ya transista iliyotoka dukani jana.

Siwalaumu hata kidogo. Vali ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, ambacho ndani yake chuma hupashwa moto ili kitoe elektroni. John Ambrose Fleming aliibuni nchini Uingereza mwaka 1904, na muda mfupi baadaye Lee de Forest wa Marekani akaiongezea kiwambo cha waya, ambacho hatimaye kiliiwezesha kukuza mawimbi dhaifu ya umeme. Transista ilipozuliwa mwaka 1947, watengenezaji wa redio walianza kuipa vali kisogo. Wapiga magitaa walikataa. Walisema kuwa vali inapozidiwa nguvu haiikati sauti ghafla, bali huibana kidogo kidogo, hata mlio ukanenepa na kupata ukali unaoutii mkono wa mpigaji.

Ninalolalamikia ni pupa. Mwalimu wa muziki au mwanafunzi hupata amplifaya iliyotumika, akailipia bila kuikagua, kisha swali lake la kwanza likawa: ninunue vali gani za bei ghali ili iimbe vyema zaidi? Huko ni kumvisha mgonjwa suti badala ya kumpeleka hospitali.

Niliwahi kualikwa katika shule moja kusikiliza amplifaya ya Kimarekani iliyonunuliwa kwa akiba ya chama cha muziki. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni nzima. Mwanafunzi aliichomeka ukutani huku wenzake wakipiga makofi. Vali zilitoa nuru kali isiyo ya kawaida, kisha ukafuata moshi. Chombo hicho kilikuwa kimetengenezewa umeme wa volti 120, ilhali wetu hapa Kenya ni volti 240. Fyuzi ambayo ingalikiokoa ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pakafungwa kipande cha waya. Akiba ya mwaka mzima iliteketea kabla ya wimbo mmoja kupigwa.

Basi mnunuzi na aanze nyuma ya kasha, si mbele. Asome kibandiko kinachotaja volti. Aitazame fyuzi na kuhakikisha ni ya kipimo kilichoandikwa hapo. Auchunguze pia waya wa umeme, kwa kuwa amplifaya nyingi za kale kutoka Marekani zina nyaya mbili tu, bila ule wa kwenda ardhini. Hitilafu ikitokea, mpigaji aliyeshika nyuzi za gitaa ndiye atakayekuwa njia ya umeme kuelekea ardhini. Chombo cha namna hiyo hakifai kupigwa hadi fundi atakapokitilia waya wa nyaya tatu.

Baada ya hapo, na aiwashe na kusikiliza. Asiiwashe kamwe kabla ya spika kuunganishwa, maana amplifaya ya vali ikifanya kazi bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Vifundo vikikwaruza vinapozungushwa, hilo si tatizo kubwa. Dawa ya kusafishia swichi hulimaliza mara nyingi, na kasoro hiyo yaweza kutumiwa kupunguzia bei. Kukiwa na mvumo mzito usiobadilika hata sauti ikipunguzwa, yamkini kapasita kubwa za kusawazisha umeme zimechakaa. Rangi ya chungwa katikati ya vali ni dalili ya uhai, lakini bamba la chuma lililo ndani ya vali kubwa likigeuka jekundu kama kaa la moto, chombo kizimwe papo hapo.

Mnunuzi asihadaiwe na wingi wa wati pia. Amplifaya ya wati 100 haina sauti maradufu ya ile ya wati 50, kwani tofauti yao ni desibeli tatu tu, ambayo sikio huihisi kuwa ongezeko dogo. Fender Deluxe Reverb, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, hutoa wati 22 hivi kwa vali mbili za 6V6 na spika moja ya inchi 12. Nguvu hiyo yatosha kabisa katika chumba cha muziki cha shule. Isitoshe, amplifaya ndogo huufikia ule mlio mnene bila kulisumbua darasa jirani.

Sasa tuje kwenye kuboresha mlio. Hatua ya kwanza ni kapasita zilizozeeka, zile zenye maji ya kemikali ndani yake. Zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 20, kuzibadilisha huondoa mvumo na kuzipa noti za besi uthabiti wake. Hatua ya pili ni vali kubwa za kutolea nguvu. Hizi hununuliwa zikiwa jozi iliyolinganishwa, na katika amplifaya nyingi fundi hana budi kurekebisha upya mkondo wa umeme unaopita ndani yake zikiwa zimetulia. Vali ndogo hudumu zaidi na hazibadilishwi ila zikiwa na kasoro.

Hatua ya tatu ni spika. Spika iliyopasuka au isiyolifaa kasha huharibu kazi yote ya vali, na kuibadilisha kwaweza kugeuza mlio kuliko jambo jingine lolote. Sharti omu zake ziafikiane na zile ambazo amplifaya inadai. Ni baada ya hatua hizo ndipo mtu ana haki ya kuzungumzia ladha. Hata hapo, njia rahisi ipo. Vali ndogo ya kwanza huwa mara nyingi ni 12AX7, yenye uwezo wa kukuza mara 100. Ikipokewa na 5751, yenye uwezo wa mara 70, mlio hupungua ukali na vidole vya mpigaji husikika bayana.

Jambo moja halina mjadala. Ndani ya kasha hilo mna mamia ya volti, na kapasita huweza kuyahifadhi hata baada ya plagi kung'olewa ukutani. Mwanafunzi asiruhusiwe kulifungua eti kwa kuwa umeme umezimwa. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuumaliza umeme uliobaki na kuhakikisha kwa mita kwamba haupo. Hakuna mlio mtamu kiasi cha kulipiwa kwa uhai wa mtoto.

Wala nisieleweke kuwa nawafukuza wanafunzi wasijifunze. Ningependa mwalimu wa fizikia aketi na mwenzake wa muziki siku fundi atakapokuja, na wanafunzi wasimame kando wakitazama na kuandika. Somo la volti, omu na wati, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu, watalisikia kwa masikio yao. Na pawe na daftari la chombo hicho, linaloonyesha kilichobadilishwa, tarehe na gharama, ili atakayekirithi asianze gizani.

Shule zetu zina mazoea ya kukusanya fedha za kununua, lakini si za kutunza. Kabla chama cha muziki hakijatoa akiba yake, na kitenge sehemu ya fundi pamoja na ile ya muuzaji. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta wa transfoma iliyoungua haujengwi kwa bei ya fyuzi.