Kiyoyozi

Kiyoyozi ni mashine ya umeme inayotoa joto na unyevu ndani ya chumba na kuvipeleka nje. Gesi maalumu huzunguka katika mabomba yake: upande wa ndani hufyonza joto la chumba, kisha kompresa huikandamiza na joto hilo hutolewa upande wa nje. Unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye mabomba baridi na kutiririka nje.

Historia

Kiyoyozi cha kisasa kilibuniwa mwaka 1902 na mhandisi Mmarekani Willis Carrier kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Shida haikuwa joto la wafanyakazi bali unyevu: karatasi zilivimba na kusinyaa, hivyo rangi hazikukaa mahali pake. Hadi leo ni unyevu, kuliko joto lenyewe, unaoamua kifaa kipi kinafaa nyumba ipi.

Kiyoyozi na feni ya maji

Feni ya maji mara nyingi hudhaniwa kuwa kiyoyozi cha bei nafuu. Sivyo. Kifaa hiki hupitisha hewa katika pedi zilizolowa. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa, jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Hewa kavu ya sentigredi 35 yenye unyevu wa asilimia 25 inaweza kupoa kwa nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo feni ya maji hufaa Dodoma au Lodwar wakati wa ukame. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar mambo ni tofauti: hewa ya sentigredi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kupoa kwa njia hiyo zaidi ya nyuzi 4, na mvuke unaoongezwa huzuia jasho lisikauke mwilini. Barafu inayotiwa katika tangi husaidia kwa muda mfupi tu.

Matumizi yake pia ni kinyume: feni ya maji huhitaji dirisha wazi ili mvuke utoke, kiyoyozi huhitaji chumba kilichofungwa.

Ukubwa na umeme

Nguvu ya kupoza hupimwa kwa BTU kwa saa. Chumba cha kulala cha mita za mraba 15 hivi kwa kawaida hutosheka na 9,000. Chumba chenye jua la mchana au bati lisilo na dari huhitaji zaidi. Kiyoyozi cha 12,000 hutumia takriban yuniti moja ya umeme kila saa kompresa inapofanya kazi. Chenye inverta hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, hivyo huokoa umeme kinapotumika kwa saa nyingi.

Feni ya kawaida ya wati 70 huzunguka saa 14 kwa yuniti hiyohiyo. Haishushi joto la hewa, lakini hukausha jasho, na kwa usiku mwingi wa pwani hilo linatosha.