'Modemu': Jina moja, vitu viwili

Uhulutishaji ndio uliotupa 'chajio' kutokana na 'chakula cha jioni'. 'Modemu' nayo imezaliwa hivyo hivyo, ila kwa Kiingereza: ni kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya kupita kwenye waya wa simu, kisha kuirudisha kuwa data.

Lakini je, mbona enzi za intaneti ya simu ya mezani modemu nyingine zilikataa katakata kufanya kazi kwenye Linux? Jibu naliona ndani ya jina lenyewe. Modemu za nje zilifanya ugeuzaji huo zenyewe. Kompyuta ilituma amri tu, mathalani ATDT na nambari ya kupigwa, kwa mtindo ulioanzishwa na Hayes mwaka 1981. Linux haikupata taabu nazo. Nyingi za ndani, maarufu kama 'Winmodem', ziliitwika programu ya Windows mzigo huo. Pasipo programu mfano wake upande wa Linux, kadi ilikuwa bubu.

Ndiyo maana nasisitiza: anayeunda istilahi asitazame umbo la neno pekee. Aulize kwanza, kazi inafanywa na nani?