Stetimenti Imechelewa? Tulia, Pesa Hazijapotea

Umeombwa taarifa ya akaunti ya miezi sita, ile wengi wetu huita tu stetimenti. Labda ni ya mkopo. Labda mweka hazina wa chama anasema haoni mchango wako wa Machi, na mkutano ni kesho. Unaiomba kwa simu, unangoja. Dakika kumi, kimya. Nusu saa, bado. Hapo sasa moyo unaanza kwenda mbio: kwani pesa zangu ziko wapi?

Pole, lakini tulia kwanza. Mara nyingi kinachochelewa si pesa, ni rekodi. Na hivi ni vitu viwili ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye mashine tofauti.

Kaunta na kabati la nyuma

Fikiria duka la mtaani kwenu. Kwenye kaunta kuna droo ya pesa na daftari la leo. Nyuma kuna kabati lenye madaftari ya zamani. Ukitaka chenji, unapewa papo hapo. Lakini ukimuuliza mwenye duka ameuza unga kiasi gani tangu Januari, itabidi aende nyuma apekue, huku foleni ikizidi kurefuka.

Ndiyo maana kampuni zenye miamala mingi hutenganisha kazi hizi mbili. Mfumo wa miamala ndio kaunta: unakagua PIN, unaangalia salio, unahamisha pesa na kukutumia ujumbe. Nakala za rekodi hupelekwa kwenye ghala la data, na hilo ndilo kabati la nyuma. Huko ndiko rekodi za miezi mingi hutafutwa na ripoti kutengenezwa bila kusumbua walio kwenye foleni.

Meza kumi za harambee

Ghala kubwa la data mara nyingi huwekwa kwenye mtambo maalum: seva, diski na programu zimeunganishwa tayari kufanya kazi hiyo moja. Teradata, iliyoanzishwa California mwaka wa 1979, ni kati ya waliotangulia. Oracle ilileta Exadata mwaka wa 2008, na IBM ikanunua Netezza mwaka wa 2010.

Siri ya mitambo hii ni kugawana kazi. Ni kama harambee ambapo michango inahesabiwa kwenye meza kumi kwa wakati mmoja badala ya meza moja. Kazi inaisha haraka sana. Lakini kuna shida moja: mwenyekiti hawezi kutangaza jumla mpaka meza ya mwisho imalize. Meza tisa zikimaliza na ya kumi ivute miguu, wote wanangoja hiyo moja.

Ghala la data ni vivyo hivyo. Diski moja ikichoka, au sehemu moja ikipewa mzigo mkubwa kuliko zingine, jibu lote linachelewa. Na wewe huku nje unaona tu stetimenti haiji.

Skrini moja inayochunga zote

Sasa nani anajua ni meza gani inavuta miguu? Hapa ndipo inaingia konsoli kuu: skrini moja inayoonyesha afya ya mitambo yote, hata kama iko kwenye majengo tofauti. Teradata, kwa mfano, huiita yao Viewpoint. Fundi haendi kukagua kabati moja moja. Anaona joto, feni, umeme, diski, nafasi iliyobaki, na maombi yaliyochukua muda kuliko kawaida. Kitu kikienda kombo, onyo linatokea na ujumbe unatumwa kwa aliye zamu.

Faida kubwa ni kuona mapema. Mitambo hii huhifadhi kila kipande cha data kwenye diski zaidi ya moja, kwa hivyo diski moja ikifa, rekodi zako bado zipo. Mtambo unaendelea, ingawa unaweza kwenda polepole wakati nakala inajengwa upya. Hatari ni diski iliyokufa bila mtu kujua. Ikiwa kulikuwa na nakala mbili tu, na diski yenye ile ya pili nayo ife kabla ya ya kwanza kubadilishwa, kazi inakuwa ya kurudisha data kutoka kwenye hifadhi ya akiba, na hiyo si kazi ya dakika tano. Onyo dogo likipuuzwa leo, kesho linakuwa shida ya kila mtu.

Pia, taa za kijani hazitoshi. Mashine zinaweza kuwa na afya nzuri kabisa, kumbe rekodi za jana hazikupakiwa usiku. Ndiyo maana mchungaji mzuri wa konsoli huuliza maswali mawili: je, mtambo ni mzima? Na je, data iliyomo ni ya hivi karibuni?

Wewe ufanye nini?

Kwanza, angalia salio. Salio linatoka kwenye kaunta, si kwenye kabati la nyuma.

Pili, usitume pesa tena kwa sababu tu muamala hauonekani kwenye stetimenti. Tafuta ujumbe wa kuthibitisha wenye nambari ya muamala. Huo ndio ushahidi wako, hata kwa mweka hazina wa chama. Usiufute.

Tatu, ukijua mkopo unahitaji stetimenti, iombe siku kadhaa mapema.

Nne, na hii ushike sana: akikupigia mtu akisema "mfumo una hitilafu, nipe PIN nikurekebishie," kata simu. Matapeli hupenda siku ambazo mambo yamekwama, kwa sababu wanajua uko na wasiwasi. Fundi anayebadilisha diski hahitaji PIN yako. Hakuna skrini yoyote, hata iwe kuu namna gani, inayohitaji PIN yako ili mtambo upone.

Stetimenti itakuja. PIN ukishaitoa, hairudi.