Mtumishi Anapohama Kituo na Mafaili ya Wagonjwa

Barua ya uhamisho ikishafika, siku zinazobaki huwa chache na shughuli huwa nyingi. Mtumishi hukabidhi funguo, vifaa na rejesta, huagwa na wenzake, kisha jioni ya mwisho huketi mbele ya kompyuta aliyoitumia kwa miaka kadhaa na kuchomeka flashi. Anachotaka kunakili hakina ubaya wowote: barua zake, vyeti vya mafunzo alivyoviskani, slaidi za kufundishia. Kwa kuwa hana muda wa kuchambua faili moja moja, hunakili folda nzima. Ndani ya folda hiyo mna jedwali la wagonjwa wa kisukari pamoja na namba zao za simu, orodha ya wajawazito waliopimwa VVU, picha za vidonda zilizopigwa ili kumwomba ushauri daktari bingwa, na majibu ya maabara ya miaka mitatu.

Dakika kumi baadaye kituo kimepoteza udhibiti wa taarifa hizo, na hakuna anayelijua hilo; pengine hata yeye mwenyewe halijui.

Katika zama za karatasi jambo hili lilikuwa gumu kutendeka. Rejesta ya wagonjwa wa nje haikuwekeka mfukoni, na mtu aliyepita getini na shubaka zima la mafaili angeulizwa. Ukubwa wa karatasi ulikuwa mlinzi wake. Utaratibu nao ulisaidia: katika kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU nchini Tanzania, kadi ya CTC1 hukaa na mgonjwa, na kadi ya CTC2, yenye historia ya tiba yake, hubaki kituoni. Kila karatasi ilikuwa na mahali pake. Kompyuta imeleta faida kubwa katika utunzaji wa kumbukumbu, lakini imewezesha pia historia za watu elfu kadhaa kuingia katika kifaa kisichozidi kidole gumba, na kifaa hicho huachwa kwenye daladala, huazimwa na jirani, au huchomekwa kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha nyaraka.

Watumishi wengi hujitetea kwa hoja moja: kazi ni yangu, niliiandika mimi. Jasho ni lake kweli, lakini taarifa si zake. Mgonjwa alieleza maradhi yake faraghani kwa sababu aliyeketi mbele yake alikuwa tabibu au muuguzi wa kituo kile, na alikubali yaandikwe ili atibiwe. Ruhusa hiyo haikutolewa kwa mtu binafsi aende nayo popote apangiwapo. Hata kabla ya kuhama, mtumishi ana haki ya kufungua taarifa za wagonjwa anaowahudumia tu. Ajira au jukumu likikoma, haki hiyo nayo hukoma siku ileile.

Tukio linaloonesha hatari hii kwa uwazi zaidi lilitokea Singapore. Tarehe 28 Januari 2019 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 waliogundulika kuwa na VVU zimevujishwa mtandaoni. Kati yao, 5,400 walikuwa Wasingapore waliogundulika hadi Januari 2013, na 8,800 walikuwa wageni waliogundulika hadi Desemba 2011. Zilizovuja ni pamoja na majina, namba za vitambulisho, namba za simu, anwani na majibu ya vipimo. Majina ya watu wengine 2,400, waliofuatiliwa kwa sababu ya uhusiano wao na wagonjwa, yalikuwamo pia.

Wengi wangedhani kwamba mdukuzi wa mbali alivunja mitambo ya serikali. Haikuwa hivyo. Kwa maelezo ya Wizara, chanzo kilikuwa daktari aliyeongoza kitengo cha taifa cha afya ya jamii kuanzia Machi 2012 hadi Mei 2013, na aliyekuwa na idhini halali ya kuingia katika rejesta ya VVU. Aliacha kazi Januari 2014. Wizara iliamini kwamba hakuzitunza taarifa hizo kama ilivyotakiwa, na ilieleza kuwa rejesta ilinakiliwa kwenye flashi. Nakala ikaishia mikononi mwa mwenzi wake, ambaye hakuwa mtumishi wa afya. Mwaka 2016 polisi walikamata nyaraka walizozikuta, na ikadhaniwa kuwa shauri limekwisha. Mwaka 2018 ikagundulika kwamba mwenzi huyo bado ana sehemu ya taarifa, na mwaka uliofuata akazianika. Mwaka huohuo mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 24.

Mfuatano wa miaka ndio unaostahili kuangaliwa. Tangu daktari huyo kuondoka kwenye kitengo hadi siku majina yalipoanikwa ilipita zaidi ya miaka mitano. Katika muda huo wote wagonjwa waliendelea kunywa dawa, kufanya kazi na kulea watoto, bila kujua kwamba siri yao ipo katika nyumba ya mtu wasiyemjua. Wizara iliweza kuomba radhi, kuwapigia simu waathirika mmoja mmoja na kuweka utaratibu mpya: tangu mwaka 2016 kupakua rejesta kulihitaji idhini ya watu wawili, na mwaka 2017 matumizi ya flashi zisizoidhinishwa yalizuiwa kwenye kompyuta za kazi. Hatua hizo zilifaa kwa siku zijazo. Nakala iliyokwishatoka hazikuirudisha.

Nia njema nayo haiondoi madhara. Aprili 2015, huko Rochester katika jimbo la New York, muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu alikuwa akihama kutoka hospitali ya chuo kikuu kwenda kliniki binafsi. Aliomba orodha ya wagonjwa wake ili matibabu yao yasikatike, na hospitali yenyewe ikampa: watu 3,403, pamoja na anwani na maradhi yao. Orodha ikafika kwa mwajiri mpya, naye akawaandikia wagonjwa barua za kuwajulisha kuwa muuguzi wao sasa yuko kwake. Wagonjwa ndio waliopiga simu hospitalini kulalamika. Hospitali ilifikia makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo na kulipa dola 15,000. Hapa nyumbani si vigumu kuona sura nyingine ya jambo hilo: mtumishi anaacha kazi hospitalini, anafungua duka la dawa au zahanati, kisha anawatumia ujumbe wagonjwa wa shinikizo la damu ambao namba zao alizipata kwa mwajiri wa zamani.

Wapo wanaosema kwamba wakishachukua kilicho chao watafuta vilivyobaki. Faili likifutwa kwenye flashi, kwa kawaida kinachoondolewa ni alama ya kuonesha mahali lilipo. Yaliyomo hubaki mpaka nafasi ile iandikwe kitu kingine, na programu za kuyarejesha hupatikana bure. Simu ina hatari zaidi, kwa kuwa picha ya kidonda iliyopokelewa kwa WhatsApp huweza kuhifadhiwa yenyewe kati ya picha za harusi na za watoto, kisha ikapandishwa kwenye akaunti ya intaneti bila mwenye simu kuamuru.

Kuondoa majina nako hakutoshi. Picha za CT na MRI zilizo katika mfumo wa DICOM hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa ndani ya faili lenyewe, hata kama havionekani kwenye kioo. Safu iliyofichwa katika jedwali la Excel hufunuliwa kwa kubofya mara moja. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionesha kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta ya makazi. Katika kijiji ambako mwenye ugonjwa wa selimundu na umri wa miaka 14 ni mmoja tu, hata hayo matatu ni mengi.

Sheria imekwishalizungumzia jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mtu anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Kuzifuta au kuziharibu bila idhini nako ni kosa, jambo linalomgusa mtumishi anayeondoka kwa hasira na kusafisha kompyuta asimwachie mrithi wake kitu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI ilikuwa tayari imewataka watumishi wa afya kutunza siri ya majibu ya vipimo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mtumishi lawama zote. Vituo vingi humlazimisha kufanya kazi kwa kompyuta yake mwenyewe kwa kuwa ya ofisi ni mbovu au haipo, kisha humshangaa anapoondoka nayo. Nywila moja hutumiwa na zamu nzima, na akaunti ya aliyehama mwaka juzi bado inafunguka. Penye hali hiyo, makabidhiano hayana budi kwenda pande zote mbili. Mtumishi huonesha kilichomo kwenye kompyuta na simu yake, taarifa za kituo huhamishiwa kwenye kompyuta ya kituo, nakala zake hufutwa mbele ya afisa TEHAMA, na hati ya makabidhiano husainiwa ikitaja jambo hilo. Akaunti yake hufungwa siku hiyohiyo.

Vilivyo vyake kweli huombwa mapema, si jioni ya mwisho. Vyeti, barua za ajira na slaidi zisizo na picha za wagonjwa havina ubishi. Daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa anahitaji kumbukumbu ya upasuaji alioufanya. Humtosha kuandika aina ya upasuaji, mwezi na jukumu lake, bila jina wala namba ya faili. Takwimu za utafiti ni jambo jingine: kibali cha maadili hutolewa kwa utafiti uliotajwa na mahali palipotajwa, hivyo mtafiti anayehama huomba ruhusa ya taasisi kwa maandishi, na akipewa, husafiri na takwimu zilizofungwa kwa nywila na kutenganishwa na majina. Mgonjwa anayetaka kumfuata tabibu wake kwenye kituo kipya huandikiwa rufaa au muhtasari wa matibabu, naye huubeba mwenyewe.

Kwa upande wa mgonjwa, dalili ya kwanza huwa ndogo: ujumbe kutoka kliniki au duka la dawa ambalo hakulipa namba yake, unaotaja ugonjwa wake au jina la dawa anayotumia. Asijibu kwa kueleza zaidi. Aihifadhi meseji, aandike namba iliyompigia pamoja na siku na saa, kisha apeleke malalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo alikotibiwa. Asipopata majibu, malalamiko hayo huweza kufikishwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.